Faili ya chama iko wapi? Kisa cha kompyuta nne katika nyumba moja ya Buruburu

Ombi lilikuwa fupi: Waifai ni ya polepole, tutafutiwe njia ya haraka ya kupitisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ombi la namna hii humpeleka fundi moja kwa moja Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua rauta yenye antena sita. Katika kisa hiki rauta mpya ilikuwa tayari imenunuliwa, na ndiyo iliyozidisha tatizo.

Nyumba yenyewe ni ya mtindo unaojulikana katika mtaa wa Buruburu: sebule na jikoni chini, vyumba vya kulala juu, katikati sakafu ya zege. Baba huhariri video za harusi na ruracio (sherehe za mahari) kwenye kompyuta ya mezani iliyo juu. Mama ni mwalimu, tena mweka hazina wa chama, yaani kikundi cha kuchangishana pesa; laptopu yake ya Windows 11 huenda naye shuleni kila siku. Kijana yuko chuo kikuu na laptopu yake inatumia Linux Mint. Binti wa shule ya upili hutumia mashine yoyote iliyo huru. Kompyuta ya nne ilikuwa juu ya kabati: laptopu kuukuu ya Core i3 yenye RAM ya gigabaiti 4, kioo kimepasuka pembeni, lakini betri bado inashika kwa saa moja na nusu.

Ugomvi wenyewe haukuanzia kwenye video. Ulianzia kwenye rejista ya chama. Kulikuwa na nakala moja kwenye laptopu ya mama, ya pili kwenye flashi, ya tatu ambayo kijana aliifungua kutoka WhatsApp ili aichape. Zote zilikuwa na jina moja, moja ikiongezewa tarakimu mwishoni. Iliyochapwa na kupelekwa mkutanoni ilikosa michango ya watu wawili. Mwendo wa Waifai hauna lolote la kusema hapo. Nyumba ilikuwa na njia nyingi mno za kuhamisha faili na haikuwa na mahali hata pamoja pa kusema: asili iko hapa, zilizobaki ni vivuli.

Ndiyo maana uchambuzi ulianza na faili, vifaa vikangoja. Kwa kila aina ya faili yaliulizwa maswali mawili tu. Nani anaibadilisha? Na anapoihitaji, ni mashine gani lazima iwe imewashwa?

Video za baba ni kubwa, kadi moja ya kamera ina gigabaiti 64, na anayezibadilisha ni yeye peke yake. Kwake mwendo ni muhimu, na pia nafasi. Rejista ya chama ni ndogo, haifiki megabaiti 2, ila hushikwa na mikono miwili, wa mama na wa kijana. Hii inataka kufuli. Maazimio ya kazi na mitihani ya mama, kama gigabaiti 3 hivi, hubadilishwa na mama tu, lakini lazima yawe naye darasani hata pasipo na intaneti. Mafungu matatu, mahitaji matatu. Anayetafuta njia moja ya kuyatosheleza yote atapata njia inayoyaudhi yote.

Njia zilizopimwa zikaachwa

Flashi iliondolewa kwanza, si kwa dharau. Kwa faili moja ya kwenda kuchapwa inatosha. Lakini flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika gigabaiti 4. Video iliyokamilika ya gigabaiti 12 itakataliwa hata kama flashi ya gigabaiti 64 haina kitu ndani, na mtu atadhani imeharibika. Kuiumbiza upya kwa exFAT kunaondoa kikwazo hicho. Hakuondoi virusi vya mashine ya saiba, wala hakujibu swali la asili iko wapi. Flashi ndiyo iliyozaa nakala ya pili ya rejista.

WhatsApp hubana picha na video zikitumwa kwa njia ya kawaida, na kila anayepakua anazalisha nakala mpya. Google Drive ingeifaa rejista vizuri, na nyumba isiyo na fungu la video ingeishia hapo bila kuhangaika na lingine. Ila gigabaiti 15 za bure zinagawanywa na Gmail na picha za simu, na akaunti ya mama ilikuwa karibu kujaa. Kuhusu video, hesabu inajieleza: kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 64 huchukua saa 14 na zaidi kidogo kufika mawinguni, kisha zishuke tena kwa mashine ya pili iliyo umbali wa ngazi kumi na tano.

Tundu la USB la rauta linavutia: chomeka diski, kila mtu aione. Tatizo ni kwamba rauta nyingi za zamani zinazotolewa na kampuni za intaneti huzungumza SMB (lugha ambayo Windows hutumia kushiriki faili kwenye mtandao) toleo la 1 peke yake, na humkaribisha kila mtu kama mgeni bila nenosiri. Microsoft iliacha kuweka SMB1 kama sehemu ya kawaida ya Windows 10 tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, na Windows 11 Pro kuanzia 24H2 inakataa mgeni asiye na nenosiri. Utakutana na mashauri ya kuwasha SMB1 ili "ifanye kazi". Usikubali. Udhaifu wa itifaki hiyo ndio uliotumiwa na programu hasidi ya WannaCry kusambaa Mei 2017, kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kubofya kitu. Kifaa kisichoweza kuzungumza SMB2 au SMB3 kibaki rauta tu.

Kifaa maalumu cha kuhifadhia faili, kile chenye nafasi za diski mbili, ni kizuri. Bajeti ya shilingi 20,000 haikukifikia baada ya kuhesabu diski.

Ikabaki kushiriki folda moja kwa moja kutoka kompyuta ya baba, au kuiteremsha ile laptopu ya kabatini. Jaribio lilianza na kompyuta ya baba kwa kuwa halikuhitaji kununua chochote. Lilishindwa mara tatu, kila mara kwa sababu nyingine, na sababu hizo ndizo zinazozikwamisha nyumba nyingi.

Mitandao miwili chini ya paa moja

Kutoka juu, baba aliifikia laptopu ya mama. Kutoka chini, mama hakuiona kompyuta ya baba kabisa. Mambo yakienda upande mmoja tu hivi, usiguse Windows kwanza. Nenda kwenye kila mashine ya Windows, fungua dirisha la amri, andika `ipconfig` na usome anwani. Ya mama ilikuwa 192.168.100.14. Ya baba ilikuwa 192.168.0.103.

Ile rauta mpya ilikuwa imewekwa juu ili kuongeza nguvu ya Waifai, na kebo kutoka chini ikachomekwa kwenye tundu lake la WAN, lile la kuingizia intaneti, lenye rangi tofauti. Kwa kufanya hivyo ikaunda mtandao wake ndani ya mtandao, na kuusimamia kama mlinzi wa geti: walio ndani wanatoka, walio nje hawaingii. Intaneti ilipatikana pande zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyeshuku.

Dawa ni kuifanya rauta ya juu iwe kituo cha Waifai tu. Rauta nyingi za sasa zina chaguo la "Access Point" kwenye ukurasa wa mipangilio. Ukilichagua, kifaa kinajiwasha upya na kazi imeisha. Isiyo nalo hurekebishwa kwa mkono, na mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza ipe anwani mpya ya mtandao wa chini, mfano 192.168.100.2, baada ya kuhakikisha rauta ya chini haigawi anwani hiyo kwa mwingine. Kisha zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani. Mwisho hamisha kebo kutoka WAN hadi tundu mojawapo la LAN, yale ya kuunganishia vifaa vya nyumbani. Ukihamisha kebo kabla ya kuzima DHCP, nyumba inapata wagawaji wawili wa anwani, na kila mashine itapata intaneti au kuikosa kutegemea nani alimjibu kwanza. Hitilafu hiyo huja na kuondoka, na inachosha kuitafuta.

Angalia pia kwamba hakuna aliyeunganishwa kwenye Waifai ya wageni. Mtandao wa wageni hutenganisha vifaa kwa makusudi.

Kisa cha PIN

Mtandao ukawa mmoja. Mama bado hakuona kitu, kwa sababu Windows 11 ilikuwa imeuhesabu mtandao wa nyumbani kama wa hadharani. Hilo ni dogo: Settings, Network & internet, ingia kwenye mtandao wenyewe, chagua "Private network", na ufanye hivyo kwenye kila kompyuta ya Windows. Badala ya kungoja jina litokee kwenye orodha, andika anwani moja kwa moja kwenye upau wa juu wa dirisha la faili: `\\192.168.100.20`. Orodha ile ina kawaida ya kukawia na kusahau, anwani haisahau.

Kisanduku cha jina na nenosiri kikaja. Ilipaswa kuandikwa akaunti ya baba, kwa kuwa folda ni zake, na baba akaandika tarakimu zile zile nne anazofungulia kompyuta kila asubuhi. Ikakataa. Akarudia. Ikakataa.

PIN ya Windows si nenosiri. Imefungwa kwenye mashine ile moja na haisafiri kwenye mtandao hata siku moja. Anayefungua kompyuta kwa akaunti ya Microsoft anatakiwa kuandika barua pepe yake na nenosiri la akaunti hiyo, ambalo wengi waliliandika mara moja siku ya kununua mashine na hawalikumbuki. Mwenye akaunti ya ndani isiyo na nenosiri naye hukwama, maana Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa nenosiri tupu. Ushauri wa kuzima ulinzi wa nenosiri ili kukwepa usumbufu huu hupatikana kwa wingi. Katika nyumba ambayo jirani na mgeni wana nenosiri la Waifai, huko ni kuacha mlango wazi.

Yote matatu yakatatuliwa, folda ikafunguka. Kisha baba akazima kompyuta yake akaenda Kitengela kupiga harusi, na rejista ya chama ikaenda naye, kwa maana ya kwamba hakuna aliyeweza kuifungua. Swali la pili lilikuwa limejibiwa vibaya: mashine inayolazimika kuwa imewashwa haikuwa inawashwa. Kuiacha usiku na mchana? Kompyuta ya mezani ya kuhariria, ikiwa imetulia tu, hula kama wati 70, yaani uniti 50 kwa mwezi. Ukihesabu shilingi 28 kwa uniti ni shilingi 1,400. Laptopu kuukuu iliyofunikwa hula kama wati 15, uniti 11 hivi, karibu shilingi 300.

Laptopu ya kabatini

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea, na kwa Nairobi ndiyo nzito kuliko ya tokeni. Laptopu ina betri. Stima ikipotea katikati ya kuandika faili, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huzimika papo hapo na diski iliyochomekwa humo huzimika nayo. Laptopu haitikisiki, na diski ya nje inayolishwa kupitia USB haijui kama kuna jambo lililotokea.

Kabla ya kuiamini iwe seva, yaani mashine ya kutunza faili za wote, ilikaguliwa mambo matatu. Betri: kama imevimba na kuinua kibodi au sehemu ya chini, itolewe na isirudishwe, kwani ni hatari ya moto. Hii haikuwa imevimba. Matundu: tundu la kebo la gigabiti na angalau USB 3 moja, ambayo mara nyingi huwa ya buluu ndani, kwenye USB 2 diski haitapita megabaiti 30 na kitu kwa sekunde hata kebo ikiwa nzuri vipi. Diski ya ndani: amri `smartctl -a`, kisha mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba za mwisho zikiwa sifuri, endelea. Zikiwa zinapanda, badilisha diski kwanza.

Ikawekwa Debian, aina ya Linux, bila mazingira ya picha. RAM ya gigabaiti 4 ni nyingi kuliko kazi hii inavyodai. Katika `/etc/systemd/logind.conf` mstari wa HandleLidSwitch ukawekwa `ignore`, la sivyo ukiifunika inalala na nyumba nzima inapoteza faili. Kwenye rauta ikahifadhiwa anwani yake ya kudumu, 192.168.100.50.

Diski ya nje ya terabaiti 2 iliumbizwa kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Zinazouzwa dukani huja na NTFS au exFAT, na exFAT haina daftari la kumbukumbu la kuirekebisha pale kazi inapokatizwa ghafla. Gharama ya ext4 ni kwamba Windows haiisomi ukiichomoa na kuichomeka. Hapa kijana ana Linux, kwa hiyo gharama inavumilika. Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka, diski ilitajwa kwa UUID yake, kitambulisho kisichobadilika, si kwa `/dev/sdb1` inayoweza kubadilika, na ikaongezewa `nofail`. Bila neno hilo, siku kebo ya diski ikilegea mashine itagoma kuwaka, na hakuna atakayeona ujumbe wake kwa sababu imefunikwa.

Ila `nofail` ina mtego wake: mashine ikiwaka bila diski, `/srv/familia` inabaki folda tupu kwenye diski ya ndani, na ukiwa umeishiriki hiyo yenyewe watu wataendelea kuweka faili mahali pasipo. Ndiyo maana kinachoshirikiwa si mzizi wa diski bali folda zilizo ndani yake. Diski isipokuwepo, folda hazipo, na Samba, programu ya kushiriki folda inayoelezwa hapa chini, inakataa kwa sauti. Afadhali kosa linaloonekana.

Samba ndiyo inayofanya Linux izungumze SMB. Andrew Tridgell aliianza mwaka 1992 huko Australia, na hadi leo hakuna njia rahisi kuliko hii ya kuzikutanisha Windows na Linux mezani. Baada ya `sudo apt install samba`, yaliyoongezwa kwenye `/etc/samba/smb.conf` ni haya:

```
[chama]
path = /srv/familia/chama
valid users = mama kijana
read only = no
force group = familia
create mask = 0660
directory mask = 2770

[video]
path = /srv/familia/video
valid users = @familia
write list = baba
force group = familia
create mask = 0640
directory mask = 2750
```

Folda za chama na video ziliwekwa chini ya kundi la `familia`. Ya video ikawa mali ya baba, ili kundi lisome na yeye peke yake aandike. Ikaundwa pia `[hati]` ya wote, kwa mtindo wa ile ya kwanza. Amri ya `testparm` husoma faili hiyo na kukuonyesha ulipokosea. Kosa linalojirudia zaidi hapa haliko kwenye mipangilio: mtu anaundiwa akaunti ya Linux na nenosiri, anajaribu kuingia kutoka Windows, anakataliwa. Samba ina daftari lake la manenosiri. Kila mtu lazima aongezwe kwa `sudo smbpasswd -a mama`, `sudo smbpasswd -a baba`, na kadhalika.

Upande wa Windows, `net use R: \\192.168.100.50\chama /persistent:yes` ilitosha kuipa folda ya chama herufi R kama diski. Kwenye mashine anazotumia binti likazuka kosa la 1219: Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na jina la mama lilikuwa limekumbukwa. `net use * /delete`, kisha kufuta kumbukumbu hiyo kwenye Credential Manager, kukalimaliza.

Rejista sasa iko mahali pamoja. Mama akiwa ameifungua kwa Excel, kijana akiifungua kwa Excel kwenye mashine ya Windows anaambiwa inatumika na anapewa ya kusoma tu. Hii ndiyo kufuli iliyokuwa ikitafutwa tangu mwanzo. Ina bei: mama akiwa shuleni hana rejista. Aliikubali. Ujumbe wa M-Pesa unaoingia mchana anauacha kwenye simu na kuuingiza jioni. Na kinachotoka nyumbani kwenda mkutanoni ni PDF au karatasi, kamwe si faili ya Excel. Huenda kanuni hiyo imeisaidia nyumba kuliko seva yenyewe.

Kebo

Kwa video, Waifai iliachwa. Kupitia sakafu ya zege, kwenye masafa ya gigahezi 2.4, mwendo ulikuwa kama megabaiti 4 kwa sekunde: kadi ya gigabaiti 64 ni saa nne na nusu. Kebo yenye megabiti 100 hufikisha megabaiti 11, yaani saa moja na dakika 37. Gigabiti hufikisha 100 na zaidi, dakika kumi na moja hivi kwa hesabu ya kebo peke yake. Diski ndogo za inchi 2.5 zenye terabaiti 2 aghalabu huandika data kwa mistari inayopandana kama vigae vya paa, na zikishapokea mfululizo mrefu hupunguza mwendo. Kwa hiyo panga dakika 20 hadi 30.

Kebo ya Cat5e ya mita 20 ilipitishwa pembeni mwa ngazi, mbali na waya za stima. Mara ya kwanza Windows ilionyesha kiungo cha 100/100. Sababu za kawaida ni mbili. Baadhi ya rauta za kampuni zina tundu moja tu la gigabiti kati ya manne, na hapo seva na kompyuta ya baba haziwezi kutoshea. Swichi ya mtandao ya gigabiti yenye matundu matano huondoa hilo. Ya pili ni kichwa cha kebo: gigabiti inataka waya zote nane, megabiti 100 inatosheka na nne, kwa hiyo mojawapo ya zile nne nyingine isipogusa, kiungo kinashuka kimya kimya bila kukatika. Hapa waya ya kahawia haikufika mwisho wa kichwa. Ikakatwa na kubanwa upya. Ukinunua kebo, uliza ya shaba tupu; ile ya alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi mkononi, na hukatika ikikunjwa mara chache.

Baba haharirii juu ya mtandao. Anahariri kwenye SSD yake, kazi ikikamilika ndipo anaihamishia kwenye seva.

Maazimio ya kazi

Fungu la tatu lilihitaji kinyume cha kufuli: nakala mbili zinazofuatana zenyewe. Syncthing, programu ya kusawazisha folda kati ya mashine, iliwekwa kwenye laptopu ya mama na kwenye seva, folda moja tu. Anafanyia kazi shuleni bila intaneti. Akirudi, mashine zinaonana na kusawazishana kabla hajamaliza chai.

Programu hii isipewe rejista ya chama. Wawili wakibadilisha faili moja kabla ya kuonana, hutapata kufuli bali faili ya pili yenye `sync-conflict` kwenye jina, na utakuwa umerudi kwenye nakala tatu. Tena ukifuta upande mmoja, inafuta upande wa pili kwa uaminifu ule ule. Kwa hiyo kwenye seva uliwashwa utunzaji wa matoleo ya zamani. Mama anapotumia hotspoti ya simu, Syncthing ingeweza kulitafuna bando lake. Katika mipangilio ya juu ya kifaa kuna `allowedNetwork`, ikawekwa 192.168.100.0/24, inasawazisha nyumbani peke yake. Hakuna tundu lolote la rauta lililofunguliwa kutoka nje. Kufungua tundu namba 445, ambalo SMB hupitia, kwa intaneti ili mtu afikie faili akiwa safarini ni jambo la kutofanywa, liwe na nenosiri au lisiwe nalo.

Nakala rudufu

Seva hii bado ni diski moja. Ikianguka, au mwizi akiibeba, video, rejista na maazimio vinakwenda pamoja. Diski ya pili ya terabaiti 2 hukaa kabatini kazini kwa baba na huletwa kila Jumapili. Hiyo iliachwa na NTFS kwa makusudi: seva ikifa siku ambayo kijana yuko chuoni, mama anaichomeka kwenye laptopu yake na kusoma. Amri ni hii:

```
mountpoint -q /srv/familia && mountpoint -q /mnt/rudufu && \
rsync -rtv --delete --backup \
--backup-dir=/mnt/rudufu/zilizofutwa/$(date +%F) \
/srv/familia/ /mnt/rudufu/familia/
```

Maneno mawili ya `mountpoint` si mapambo. Diski ya chanzo ikiwa haijapanda, yaani haijaunganishwa kwenye folda yake, `--delete` itaiona folda tupu na kuelewa kwamba familia imefuta kila kitu. Diski ya pili ikiwa haijapanda, gigabaiti mia kadhaa zitamiminwa kwenye diski ya ndani hadi ijae. Na `--backup-dir` huhifadhi kilichofutwa wiki hiyo kwenye folda yenye tarehe yake, maana kosa la kufuta mara nyingi hugunduliwa baada ya Jumapili kupita.

Siku ya kukabidhi, swichi kuu ya nyumba ilizimwa kwa dakika kumi huku faili ya gigabaiti 3 ikipakiwa kutoka laptopu ya mama iliyochomekwa kebo. Rauta ilibaki hai kwa betri yake ndogo ya volti 12. Seva ilibaki hai. Upakiaji ukakatika papo hapo. Swichi ya matundu matano ilikuwa na adapta yake ukutani, na hakuna aliyeikumbuka. Betri hiyo ndogo ina pia tundu la volti 5, ambayo ndiyo volti ya swichi ile. Kebo fupi ikaunganisha, jaribio likarudiwa, faili ikafika. Kabla ya kuunganisha hivyo soma volti kwenye adapta yenyewe, kwani swichi nyingine zinazofanana nayo hutaka 9.

Kijana ndiye anayeijua mashine, na muhula ukianza hayupo. Chini ya kifuniko cha laptopu imebandikwa karatasi: anwani 192.168.100.50, R ikiwa na alama nyekundu, ibofye mara mbili kwanza kabla ya kupiga simu, stima ikikaa bila kurudi kwa saa nzima, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, usikishikilie, na usichomoe diski mpaka taa yake izime.